Tuta la Mkondoa na Kufuli la Wote

Watu wa Kilosa hawana haja ya kufundishwa tuta ni kitu gani. Tuta la mto Mkondoa lilijengwa zamani za ukoloni ili kuuzuia mto usiingie mjini, na kwa miaka mingi lilifanya kazi yake kimya kimya, hata wengi wakasahau kwamba lipo. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mvua zilinyesha kwa wingi, Mkondoa ukafurika, tuta likabomoka. Maelfu ya watu walikosa makazi wakalala mahemani, na reli ya kati ikaharibiwa vibaya baina ya Kilosa na Gulwe, hata treni za abiria zikasimama kwa miezi. Ndipo maswali yalipoanza. Ni nani aliyepaswa kulitazama tuta? Kwa fedha zipi? Na kabla ya maji kuja, ni nani aliyewahi kuuliza?

Twalikumbusha jambo hilo kwa sababu leo twataka kusema juu ya tuta jingine, ambalo halina udongo wala mawe, walakini nyuma yake wamelala watu wengi kuliko wote waliopata kukaa katika bonde la Mkondoa. Twasema juu ya programu za usalama wa kompyuta, zile ambazo zimeandikwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, zikatolewa bure kwa dunia nzima, na ambazo kwa Kiswahili huitwa programu huria.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la wataalamu wa Dar es Salaam na Dodoma peke yao. Mfanyakazi wa Kilosa akinunua tiketi ya treni ya SGR kwa simu janja yake, habari za malipo yake husafiri zikiwa zimefungwa. Mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi akipokea malipo ya mgeni aliye Ulaya, ambaye anakuja kutazama tembo wa mbuga, malipo hayo nayo hupita yamefungwa. Muuguzi wa zahanati akimaliza kujumlisha vitabu vya MTUHA mwisho wa mwezi, hesabu zake za wajawazito, za watoto waliochanjwa na za wagonjwa wa malaria huingizwa katika kompyuta, na kutoka hapo husafiri zimefungwa. Kufunga huko ndiko wataalamu wanakokuita kusimba, yaani kuyavuruga maandishi kwa hesabu ngumu, ili asiye na ufunguo aone takataka tupu. Hata yule mwenye simu ya vitufe asijione yu nje ya habari hii, kwani kompyuta za benki na za kampuni za simu zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe juu ya fedha yake, nazo hufunga vivyo hivyo.

Basi ni nani aliyelitengeneza kufuli hili? Watu wengi hudhani kwamba ni kampuni kubwa yenye ghorofa na walinzi mlangoni. La, hasha. Kwa miaka mingi kufuli lililotumiwa kuliko mengine yote katika intaneti limekuwa programu iitwayo OpenSSL, ambayo ilianza mwaka 1998 na kutunzwa na kikundi kidogo cha watu waliotawanyika katika nchi mbalimbali. Maandishi yake yote yako wazi. Anayetaka huyachukua, huyasoma, huyatumia bila kulipa hata senti, na akiona kosa aweza kupeleka sahihisho.

Mwanachama wa chama cha ushirika ataelewa upesi uzuri wa mpango huu, kwani ni kama daftari la hesabu liwekwalo mezani ili kila mwenye hisa alifunue. Lakini mwanachama huyo huyo anajua pia udhaifu wake. Ni mara ngapi hesabu zimesomwa katika mkutano mkuu, watu wote wakaitikia, wala hapana hata mmoja aliyezijumlisha? Daftari lililo wazi si daftari lililosomwa. Twaona kwamba hapo ndipo penye kiini cha shida yote.

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba ndani ya OpenSSL mlikuwamo kasoro, ikapewa jina la Heartbleed. Mtu wa mbali aliweza kuiomba kompyuta imrudishie neno dogo, nayo ikamrudishia neno hilo pamoja na vipande vya siri zilizokuwa katika kumbukumbu yake: maneno ya siri, hata funguo zenyewe. Kasoro hiyo iliingizwa bila nia mbaya, mwisho wa mwaka 2011, na mtu mmoja aliyekuwa akiongeza kitu chenye manufaa. Mwenzake aliyekagua kazi yake hakuiona. Ikakaa katika programu iliyotolewa Machi 2012, ikatumiwa duniani kote kwa miaka miwili, huku kila kampuni kubwa ikidhani kwamba kampuni nyingine imekwisha kuikagua.

Lililoshangaza zaidi ni habari ya fedha. Ikajulikana kwamba michango ya hisani iliyopokelewa na OpenSSL ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Hizo ni fedha za kununulia pikipiki mbili za bodaboda, basi. Kilichosalia walikipata kwa vibarua vya kuwashauri wateja, na katika kikundi kizima mtu aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kutwa nzima alikuwa mmoja tu. Benki, maduka makubwa na serikali za nchi tajiri zote zililala nyuma ya tuta hilo, wala hapana aliyeleta hata karai moja la udongo. Baada ya aibu hiyo, mwezi ule ule wa Aprili 2014, kampuni kubwa zilianza kuchanga kwa kupitia shirika la Linux Foundation, kila moja ikiahidi dola 100,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka mitatu. Twasema ni vyema, ila twaongeza kwamba fedha iliyokuja baada ya mafuriko haiwezi kuwasifu sana walioitoa.

Yuko atakayesema kwamba fedha ikipatikana shauri limekwisha. Hapana. Kisa cha mwaka 2024 chatufundisha kwamba hata mahali ambapo kazi yenyewe ni nzuri, yule ashikaye ufunguo aweza kuwa si yule tumdhaniaye.

Ipo programu ndogo iitwayo XZ, ambayo kazi yake ni kuyabana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Ilitunzwa kwa miaka mingi na Mfini mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2021 alitokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta masahihisho, mazuri, yenye adabu, kidogo kidogo. Mwaka 2022 yakatokea majina mengine yaliyomsukuma mtunzaji na kumlaumu: mbona kazi inakwenda polepole, mbona husikii, mbona humpi mwingine nafasi? Collin akaeleza waziwazi kwamba amechoka, na kwamba kazi ile aifanya bila malipo. Mwishowe Jia Tan akakabidhiwa madaraka. Akafanya kazi kwa uaminifu, au kwa sura ya uaminifu, kwa muda mrefu. Kisha, Februari 2024, akatoa toleo jipya, na ndani yake alikuwa ameficha mlango wa nyuma. Mlango huo ulikusudiwa kuwafungulia wasiojulikana ule mlango ambao mafundi huingilia kompyuta kutoka mbali, katika mashine nyingi zitumiazo Linux.

Aliyeliona jambo hilo hakuwa polisi wala mkaguzi. Alikuwa mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyekuwa akipima mwendo wa programu nyingine kabisa, akaona kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa kama nusu ya sekunde. Mwingine angenyamaza. Yeye akaifuata nusu ya sekunde hiyo hadi chimbuko lake, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Toleo lenye sumu lilikuwa bado halijafika katika kompyuta nyingi zifanyazo kazi nzito. Jia Tan akatoweka, na hata leo haijathibitishwa hadharani alikuwa nani, au kama alikuwa mtu mmoja.

Ndugu msomaji, kisa hiki hakihitaji kompyuta ili kieleweke. Hebu fikiri juu ya mtunza ghala wa chama cha msingi, mzee aliyechoka, asiyelipwa, ambaye kila mkutano watu humnung'unikia. Anakuja kijana mgeni, mpole, mwenye mwandiko mzuri, tayari kusaidia. Wanaonung'unika wote wanasema: mpe kijana ufunguo. Miaka miwili ghala iko salama. Mwaka wa tatu mazao hayaonekani. Tutamlaumu nani? Kumlaumu mzee peke yake ni dhuluma. Walaumiwe kwanza wanachama waliomwacha peke yake, na sheria za chama zilizoruhusu ufunguo mmoja kukaa katika mkono mmoja.

Kwa hiyo twaona kwamba swali la utawala halitengani na swali la fedha. Programu iliyo na mtunzaji mmoja, hata akiwa mtakatifu, haina utawala. Ina mtu tu. Utawala ni kuwapo kwa kanuni zilizoandikwa: nani aingie, kwa idhini ya wangapi, nani akague kazi ya nani, nani ashike fedha, na mtunzaji akifa au akichoka nani amrithi. Ni kanuni zile zile ambazo mwanachama yeyote wa chama cha wafanyakazi amezizoea tangu siku ya kwanza alipochagua katibu na mweka hazina na kukataa vyeo hivyo viwili viwe vya mtu mmoja.

Sasa turudi katika zahanati zetu. Vitabu vya MTUHA vilivyojazwa Kilosa na Mikumi huishia katika mfumo uitwao DHIS2, ambao nao ni programu huria. Ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, wakati nchi ile ilipokuwa ikijenga upya huduma za afya baada ya ubaguzi wa rangi, na kwa miaka mingi sasa umetunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Hutumiwa katika nchi zaidi ya 70. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wake walioufanyia kazi pamoja na Wizara ya Afya, wakawafundisha wengine na kuandika sehemu za kuongezea. Hilo ni jambo la kujivunia, na twasikitika kwamba halitajwi mara nyingi kama inavyostahili.

Mfumo huu umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Desemba 2021 kasoro kubwa ilipotangazwa katika Log4j, chombo kidogo ambacho programu nyingi za Java hukitumia kuandikia kumbukumbu zao, kila mwenye mfumo wa aina hiyo ulimwenguni alilazimika kuukagua na kuutia kiraka usiku na mchana. Chombo hicho nacho kilikuwa mikononi mwa watu wachache wa kujitolea. Ndivyo mambo yalivyofungamana: hesabu za kliniki ya kijiji cha Kilosa zikiegemea kazi ya mtu ambaye hajapata kusikia jina la Kilosa, aifanyayo baada ya saa zake za ajira.

Na fedha je? DHIS2 imeishi kwa sehemu kubwa kwa wafadhili, wakiwamo serikali ya Norway, Mfuko wa Dunia na serikali ya Marekani. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likawa limekwisha kufungwa. Aprili mwaka huo huo kulitokea hofu nyingine. Iko orodha moja ya dunia, iitwayo CVE, ambayo tangu mwaka 1999 huzipa kasoro za programu namba zake, ili fundi wa Dodoma na fundi wa Tokyo wajue kwamba wanasema juu ya kasoro moja. Orodha hiyo hulipiwa na serikali ya Marekani. Mkataba wake ulikuwa uishe tarehe 16 Aprili 2025, nao ukaongezwa katika saa za mwisho kabisa. Sisi hatuna neno la kumlaumu mwenye fedha akiamua kuzishika fedha zake. Lakini mtu ambaye tuta lake hujengwa kwa fedha za jirani, hana budi kuuliza mapema atafanya nini siku jirani atakapobadili nia.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuziacha programu huria na kununua makufuli ya kampuni, yaliyofungwa, yenye stakabadhi na mhuri. Twaiheshimu hoja hii, maana inatolewa na watu wazima wenye dhamana ya ofisi. Lakini tarehe 19 Julai 2024 programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike, yenye kulipiwa fedha nyingi na wateja wakubwa, ilipokea sahihisho baya kutoka kwa kampuni yenyewe, na kompyuta kama milioni 8.5 zikazimika kwa siku moja. Ndege zikakwama, hospitali zikaahirisha kazi. Mteja hakuweza kuyafunua maandishi akatafuta kosa. Alingoja. Katika kisa cha XZ, ingawa ujanja wenyewe ulifichwa kwa werevu mwingi, mtu asiye na cheo chochote katika programu ile aliweza kuifungua na kuona. Tofauti hiyo si ndogo kwa nchi kama yetu, ambayo haina nguvu ya kuiamuru kampuni ya ng'ambo ifungue sanduku lake.

Ujerumani, ambayo zamani ilijenga reli ya kati iliyopita Kilosa hadi ikafika Kigoma mwaka 1914, ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa serikali wa kuwalipa watunzaji wa programu huria ambazo taifa lake lazitegemea. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2024, ambayo pamoja na mengine yatambua kwamba taasisi ziangaliazo programu hizi zina wajibu wake, tena mwepesi kuliko wa kampuni ziuzazo kwa faida. Huko wamekwisha kuelewa kwamba programu hizi ni kama barabara na madaraja.

Kwetu Tanzania misingi ipo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliiunda Mamlaka ya kusimamia mifumo ya serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo yamtaka kila ashikaye habari za mtu azilinde. Lakini kulinda kwa kitu gani? Ofisi nyingi hutumia kufuli huria bila kujua kwamba zinalitumia. Fundi alikuja, akaweka, akaondoka. Hapana orodha ya vilivyomo, na kasoro ikitangazwa duniani hapana ajuaye kama yamhusu.

Kuna mwenzetu mmoja aliyetuuliza kwa ukali: kwa nini mkulima wa mkonge wa Kilosa achangie kitu ambacho matajiri wa Marekani hukitumia kupata mabilioni? Swali lake ni la haki, na jibu letu ni kwamba matajiri hao walipe zaidi, tena walipe sana. Hata hivyo katika msaragambo asiye na fedha huja na jembe, naye huhesabiwa kuwa amefika. Vijana wetu wanaosoma kompyuta Dar es Salaam na Dodoma wanaweza kusoma daftari hili lililo wazi ambalo wengi hawalisomi. Ofisi ya serikali ikimpa mtumishi wake siku moja katika juma akague programu moja tu ambayo taifa latumia, na kupeleka masahihisho kwa jina lake na la nchi yake, mchango huo ni mkubwa kuliko hundi. Tena mtu huyo atakuwa na sauti siku kanuni zitakapoandikwa na ufunguo utakapogawiwa. Asiyekuwapo shambani haulizwi mipaka.

Jambo jingine ni la hapo hapo wilayani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla yake madiwani huketi kupitia makadirio ya Halmashauri. Katika makadirio huwamo fedha za kununua kompyuta. Aghalabu huwamo na za wino. Tungependa diwani mmoja, awe wa Kilosa mjini au wa Mikumi, asimame siku hiyo amwulize mkuu wa kitengo cha kompyuta maswali machache. Mfumo upokeao mapato yetu na mfumo upokeao MTUHA umefungwa kwa kufuli gani? Lilitiwa kiraka lini mara ya mwisho? Nani analitunza, na tumempa nini? Mkuu wa kitengo asipokuwa na majibu siku hiyo, apewe muda hadi kikao kifuatacho, na maswali yaandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na jina la aliyeuliza.